Mfuko wa Unga Kwenye Kamba ya Nguo

Ninyi mlio wapya hapa kwangu mna maswali mawili kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. La kwanza ni kama chai imeiva. La pili ni kwa nini mtu akitundika kazi yake kwenye kamba ya nguo tunamvika kitenge changu cha zamani, tunamkalisha kwenye kiti changu, halafu hata aliyefika jana anaruhusiwa kumtania mbele ya wote. Chai imeiva. Swali la pili lina jibu refu, basi kaeni.

Mnaniita Kambo, yaani bibi, kama tunavyosema Lubumbashi. Wale wa mwanzo waliniita Mama Safi, na hilo Mama, pamoja na heshima yake yote, lilitaka kutuua. Lilitaka pia kumpeleka Ngoie mbali na mji huu, mpaka Kasomeno, akauze sabuni na vocha za simu katika duka la mjomba wake, akiwa na kipaji ambacho sijakiona mara nyingi. Habari ya Ngoie nawasimulia kwa ruhusa yake. Ila kwanza mniache nipite kwa waliotangulia, maana mtu hajifundishi kazi peke yake.

Baba yangu alitoka Maniema na alikuwa akifundisha watoto Qur'ani nyuma ya msikiti. Tuliandika kwenye ubao kwa wino wa masizi. Ukishahifadhi, unaosha ubao, unaanza upya. Watoto wengine walilia walipoosha aya walizoandika kwa uzuri. Baba aliwaambia: "Maneno yamekwisha kuingia ndani yako. Huo uliobaki ni uchafu wa ubao." Mimi nilitoka pale sijui Kifaransa, sijui hesabu nyingi, lakini siogopi kufuta. Katika kazi yetu ya kuchora matangazo, vibandiko na mifuko, asiyeogopa kufuta ameshafika nusu ya njia.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa Mkatoliki, katekista wa parokia yake. Papa Mutombo alipanga herufi katika nyumba ya uchapaji ambako nilifanya kazi mpaka nikastaafu. Nilipoletwa pale, msimamizi wetu alinitazama kichwani.

"Mutombo, huyu mwanamuke na kitambaa yake, siku moja mashine itamuvuta."

"Na kravati yako, shefu?" Papa Mutombo alimjibu bila kuinua macho. "Iko murefu kupita kitambaa yake."

Nikabaki. Kila adhuhuri alikuwa akiniambia, "Safi, enda kwa Mungu yako, miye nitaangalia rangi," na nikirudi nilikuta karatasi zangu zimepangwa vizuri kuliko nilivyoziacha. Ndiye aliyenifundisha kugeuza kazi miguu juu. Alisema ukiitazama wima, unasoma maneno, na maneno yatakudanganya. Ukiigeuza, huwezi kusoma tena. Unaona tu pale palipojaa na pale palipo wazi. Igeuzeni. Mpaka leo sijapata kifaa kinachoshinda hicho.

Kompyuta zilipokuja, nilikuwa na mvi tayari. Nilichora karatasi ya sabuni ya mfanyabiashara mmoja, na kwenye skrini rangi ya buluu iling'aa kama anga baada ya mvua. Tulipoichapa, mwenye sabuni aliishika, akaiinua juu, akaishusha. "Mama," akasema, "hii sabuni yangu iko na malaria." Alikuwa na haki. Skrini ina taa ndani yake, karatasi haina. Tangu siku ile sijaamini kazi ambayo haijatoka nje ya kompyuta ikasimama kwenye mwanga wa mchana, na ndiyo sababu hapa kwangu hatuonyeshani simu. Tunatundika.

Sasa mnaelewa kamba ilitoka wapi.

Nilipostaafu nilidhani nitapumzika. Mungu hakupenda. Watu watatu walianza kunitembelea, mmoja mmoja, kila mmoja akidhani yuko peke yake mjini.

Ngoie alikuwa binti wa mtaa wa Annexe, mbali kabisa kule mashamba ya mihogo yanakoanza. Alijifunza kuchora kwenye simu, halafu kwenye kompyuta ya mkononi iliyopita mikono mingi na kukosa herufi kadhaa. Kila ofisi ya matangazo alikoenda walimwambia "tutakupigia." Walikuwa hata hawajaomba namba.

Patient anatembea kwa magongo. Ofisi moja ilipenda michoro yake ikamwita, naye akakuta iko ghorofani, ngazi tupu. Mkubwa wa ofisi alishuka mpaka chini, akamwangalia, akauliza atakuwa akipandaje kila siku. Patient akamjibu: "Patron, munatafuta muchoraji ao munatafuta mukimbiaji?" Kazi hakupata, lakini jibu hilo lilizunguka mji mzima.

Zaina ni wa watu wetu wa Maniema, fundi wa kubuni mitindo ya nguo na maua ya vitambaa. Alifanya kazi kwa fundi mwanamume ambaye kila mtindo wa Zaina aliuita wake. Mabibi harusi wa mji huu walivaa kazi ya mikono ya Zaina wakimshukuru mtu mwingine.

Niliwasikiliza, nikafikiri: hawa wanahitaji kuonana uso kwa uso. Ila tulianza vibaya, kama wengi, kwa WhatsApp. Ngoie alituma mchoro asubuhi. Kufika jioni ulikuwa umefunikwa na mahubiri ya sauti, dawa ya kupunguza tumbo, na picha ya mtoto aliyepotea katika nchi nyingine, ambaye nafikiri sasa ni baba wa watu. Wale wachache waliouona mchoro walimtumia dole gumba. Dole gumba halimfundishi mtu kitu. Nikasema njooni kwangu, kwenye lupango yangu, yaani kiwanja changu, tukae uani.

Kukutanisha watu ni ufundi kama ufundi mwingine, na ninyi mtakaofungua vikundi vyenu kesho mnisikilize hapa. Chagueni siku moja msiibadilishe, hata mvua ikinyesha, hata wakija wawili. Mtu anayetoka mbali hawezi kufuata tarehe inayohama. Wekeni ndoo ya maji mlangoni. Wakati wa mvua watu wa Annexe walifika na udongo mwekundu mpaka kwenye vifundo vya miguu, na wa mjini walifika safi, na mtu mwenye viatu vichafu hasemi sana, anaficha miguu chini ya kiti. Kwa bahati nyumba yangu ni ya Kiislamu, viatu vinabaki nje. Kumbe tukiwa pekupeku wote tuna miguu ya aina moja.

Tena anzeni na sala, lakini fupi. Mwezi mmoja Zaina alisoma Fatiha, mwezi uliofuata Patient aliomba kwa namna ya kanisa lake. Aliombea umeme, akaombea barabara, akaombea mashine zote za kuchapa za Katanga na mafundi wake na familia za mafundi. Tulipomwona anavuta pumzi aanze upya, Zaina akapaza sauti:

"Amina! Mungu amesikia, Patient. Umuachie nafasi na yeye ajibu."

Basi tukakaa, tukapendana, tukawa wengi kidogo. Tulitundika kazi kwa vibanio vya nguo. Na hapo ndipo ugonjwa ulipojificha. Kila kilichotundikwa kilikuwa kizuri. Kadi ya harusi, "iko muzuri." Kibandiko cha asali, "iko muzuri sana." Ubao wa duka la dawa, "ni kazi ya Mungu." Watu walirudi nyumbani wamefurahi, na mwezi uliofuata walileta kosa lile lile, limepakwa rangi mpya.

Niliwaelewa. Hawa ni watu ambao mji uliwaambia hapana mara nyingi, na walipopata mahali pa kuambiwa ndiyo, nani angekuwa wa kwanza kuharibu? Tena mimi mwenye nyumba nilikuwa nimekaa pale, mama yao wote, na katika desturi zetu mtu hatoi ukali mbele ya mama.

Nikawapima. Nilichora tangazo la harusi, nikalifanya baya kwa bidii. Njano juu ya nyeupe. Herufi zimejikunja kama funza. Jina la bwana harusi dogo kuliko jina la ukumbi. Na tarehe sikuiweka kabisa. Nilijiona kama ninatenda dhambi. Nikatundika.

Wakatazama. Patient akakohoa.

"Rangi yake iko ya amani, Mama," akasema Zaina.

"Iko muzuri," akasema Ngoie, taratibu, akiangalia miguu yake.

"Na harusi yenyewe ni lini?" nikauliza.

Wakaangalia tangazo, juu mpaka chini. Nikaona wote wameona. Patient akajikaza.

"Itakuwa siku Mungu atapenda, Mama."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta, lakini ndani nilipata baridi. Kwa sababu Jumamosi ile ile, baada ya kuliondoa lile tangazo, Ngoie alitundika mfuko wake.

Papa Muhindo, mfanyabiashara wa jumla kutoka upande wa Butembo, alikuwa akianzisha unga wake wa mahindi. Alikuwa na ghala na malori, na alitaka mfuko wenye jina lake mwenyewe. Nilikuwa nimemfahamu tangu siku za uchapaji, nikamwambia yuko binti, mwangalie. Akakubali kuangalia. Hakuahidi zaidi ya hapo. Kama asingependa, angewapa watu wa ofisi kubwa, wale wa "tutakupigia."

Kwa Ngoie haikuwa kazi moja tu. Familia yake ilikuwa imechoka kumwona ameinamia kompyuta isiyoleta kitu. Mjomba wake mwenye duka Kasomeno alikuwa ametuma neno: mvua zikianza, Ngoie aje akae kaunta. Ngoie aliomba jambo moja, angojewe mpaka Papa Muhindo aseme. Mjomba akakubali, naye ni mtu wa haki. Mfuko ukipita, atabaki. Mfuko ukikataliwa, atafunga mizigo yake, wala hatabisha tena.

Mfuko wenyewe ulikuwa umechorwa vizuri sana. Jina kubwa juu kabisa, jekundu lililoiva, na chini yake hindi moja lililomenywa, punje zake unataka kuzihesabu. Niliugeuza miguu juu kama nilivyofundishwa, na nafasi zake zilikaa sawa. Mimi sikuona kosa. Lakini niliona Zaina anafungua kinywa, anakifunga. Niliona Patient anaangalia mfuko, anaangalia uso wa Ngoie unavyong'aa, halafu anaanza kufuta gongo lake ambalo halikuwa na vumbi.

"Kuna neno?" nikauliza.

"Iko muzuri, Mama," wakasema wote.

Miadi ya Papa Muhindo ilikuwa wiki iliyofuata. Ningeweza kumwita Zaina pembeni nikamuuliza alitaka kusema nini. Lakini angeniambia mimi, nami ningempelekea Ngoie, naye angetii kwa sababu ni mama amesema. Kikundi gani hicho, ambacho kila neno la kweli lazima lipite kwa mwanamke mmoja mzee? Siku nitakapolala kaburini wangebaki na nini? Niliswali, nikamwomba Mungu anionyeshe mlango.

Alinionyesha msibani. Jirani yetu mzee alifariki katikati ya wiki ile, mtu mwema lakini mkali, na bahili wa sukari ajabu. Wanawe walikaa kwenye mkeka wameinamisha vichwa. Lakini wajukuu! Ninyi mnajua desturi ya huku kwetu. Mjukuu mmoja alivaa koti la marehemu, akashika fimbo yake, akapita katikati ya waliaji akitembea kama yeye, akitoa mate kama yeye, akihesabu vijiko vya sukari na kufoka, "Nani alionja? Nani?" Mjane alicheka huku machozi yakimtoka. Wana wa marehemu walificha nyuso kwenye leso, na mabega yao yalikuwa yakitikisika. Hakuna aliyekasirika. Yale aliyosema mjukuu yule yalikuwa kweli tupu, na kama mtoto wa kuzaa angesema neno moja katika hayo, ukoo ungevunjika.

Nilirudi nyumbani nikitembea haraka kuliko umri wangu. Mtoto hawezi kumwambia mama ubaya wake, ila mjukuu anaweza, na kambo hana ruhusa ya kununa.

Jambo moja tu lilinisumbua. Dini yangu inanikataza kumdharau mtu na kumdhihaki. Nilikaa nalo mpaka alasiri. Nikaona kwamba mjukuu yule hakumdharau babu yake. Alimpenda mpaka kwenye vijiko vyake vya sukari. Nikajiwekea mpaka, nao ndio mpaka mnaoufuata hadi leo: tunataniana juu ya kilichotundikwa, hatugusi mwili wa mtu, wala nyumba aliyotoka, wala dini yake. Anayevuka anaosha vikombe vyote.

Nikawaita kabla ya miadi, siku isiyo yetu. Walikuja wakidhani nimeugua. Patient aliingia wa mwisho kwa magongo yake, nikamsimamisha mlangoni.

"Bwana yangu! Unachelewa nyumbani, ulikuwa kwa nani?"

Akaniangalia kama amekuta ukuta unaongea. Halafu nikaona ameelewa, maana kila mtoto wa huku amelelewa na kambo aliyemwita bwana.

"Muke yangu, usikasirike," akasema. "Nilienda kukutafutia meno mupya."

"Muache!" Zaina akarukia kati. "Weye muzee, zamu yako iliisha. Bwana iko wangu sasa."

Tukacheka wote, mke mkubwa na mke mdogo, tukigombania mume asiye na habari. Nikawaeleza. Kuanzia leo mimi si Mama hapa, ni Kambo. Na yeyote anayetundika kazi atakaa kwenye kiti changu na kuvaa kitenge changu, na kwa muda huo yeye ndiye kambo wa wote. Wengine wote ni wajukuu wake. Mjukuu akimwona kambo ametoka nje amevaa nguo kinyume na akanyamaza, huyo si mjukuu, ni adui.

Tulianza na lile tangazo langu la harusi ili wapashe moto. Wallahi waliniua. Patient alisema wageni watafika mwaka mwingine wakute watoto wa bibi harusi wanaenda shule. Zaina alisema herufi zangu zinahitaji dawa ya minyoo. Niliyapokea yote nikiwa nimejifunga kitenge, na nilijisikia mwepesi.

Kisha Ngoie akatundika mfuko, akavaa kitenge, akakaa. Kumtania bibi mzee kuliwezekana. Kumtania mwenzako ambaye mizigo yake iko mlangoni kulikuwa jambo lingine. Sikusema neno. Huo ndio ufundi mgumu kuliko wote wa kuongoza kikao.

Zaina akasimama. "Kambo Ngoie," akasema, "jina la unga yako liko na haya. Linajificha."

"Linajificha wapi?"

Zaina akachukua mfuko wangu wa mkaa uliokuwa ukutani, akaanza kuukunja mdomo kwa nje. "Ku soko muuzaji anafungua mufuko juu. Anapima meka ya kwanza, ya pili, unga inashuka. Mukono haifike. Anakunja mufuko hivi, sawa na mukono ya shati. Tena unga inashuka, tena anakunja. Jina yako iko huku juu. Kabla ya saa ine ya asubuhi, jina imeisha kukunjwa. Inabaki hindi tu."

Mnaijua meka, lile bakuli la kupimia unga, na hakuna kati yetu ambaye hajasimama mbele ya mfuko uliokunjwa hivyo akinunua unga wa bukari, ugali wetu. Mimi huletewa unga nyumbani siku hizi, sikulifikiria. Lakini wao walikuwa wamelijua kwa macho yao kila wiki.

"Unga yako, Kambo," Patient akaongeza, "iko sawa na bwana anayeaga asubuhi. Saa sita unashaisahau sura yake."

Hakuna aliyecheka. Macho ya Ngoie yalijaa machozi.

"Hii mambo muliiona Jumamosi ile?"

"Tuliiona," akasema Zaina.

"Na mulinyamaza."

"Ulikuwa na furaha sana, Ngoie."

"Furaha yangu!" Akasimama, kitenge kikamteleza begani, akakishika. "Mulichunga furaha yangu, halafu miye ningeenda kuchunga duka Kasomeno!"

Patient akainamisha kichwa. Zaina akalia. Mimi nikabaki kwenye benchi, nikimwomba Mungu asiniruhusu kuongea. Kisha Ngoie akakaa tena kwenye kiti, akajifunga kitenge vizuri, akapangusa uso kwa ncha yake.

"Haya," akasema. "Nini tena?"

Kikundi chetu kilizaliwa pale, kwa maneno hayo mawili.

Walisema yote. Kwamba mshono wa mdomo utakula sehemu ya juu. Kwamba mfuko uliojaa unavimba na maandishi ya pembeni yanageukia nyuma. Kwamba punje zile nzuri ni nyembamba mno kwa plastiki iliyofumwa, wino utajaa katikati yake na hindi litakuwa kama ndizi. Ngoie hakutetea hata punje moja. Aliosha ubao, kama baba yangu angesema. Siku zilizobaki walifanya kazi hapa uani wote watatu, na Ngoie ndiye aliyeamua: jina lisikae juu, lizunguke mfuko mzima kama mkanda, mkanda juu ya mkanda, kuanzia chini ya mshono mpaka karibu na kitako. Muuzaji akikunja, mkanda mmoja unafichwa, unaofuata uko tayari machoni. Hindi akalirudisha kuwa dogo na nene, kati ya mikanda. Zaina alikata maumbo ya herufi kwenye katoni, Patient akapaka rangi kwenye mfuko mtupu, na tukaujaza pumba kutoka kinuni.

Nilimsindikiza Ngoie kwenye ghala. Papa Muhindo alikuwa amekaa kati ya magunia, simu mbili mezani.

"Binti, miye naliomba karatasi. Unaniletea mufuko muzima?" Akanigeukia. "Mama Safi, ndiyo weye ulifanya hii?"

"Mimi nilisaidia kubeba tu," nikasema.

Ngoie hakueleza kitu. Aliomba meka. Akafungua mfuko, akachota, akachota, akakunja. Akachota, akakunja. Papa Muhindo aliacha kuangalia simu. Naye alianzia sokoni, na mikono yake ilikumbuka. Alisimama, akamnyang'anya bakuli, akachota mwenyewe mpaka pumba ikawa imefika katikati, akikunja kwa ufundi kuliko sisi sote, na kila alipokunja jina lake lilimtazama.

"Iko muzuri," akasema. "Iko muzuri sana, binti."

Mtu mwingine angeshukuru na kuondoka haraka kabla hajabadilisha mawazo. Ngoie akasema: "Aksanti, papa. Sasa uniambie mubaya yake."

Papa Muhindo akaniangalia. "Huyu mutoto anaomba matusi?"

"Anaomba kazi, Papa Muhindo."

Akauzunguka mfuko. Akaugonga kwa kiatu. "Ku lori tunalalisha mifuko," akasema. "Kitako ndiyo inaonekana inje. Wapakizi wangu watajua namna gani hii ni yangu ao ya jirani? Huku kwa kitako hakuna kitu."

Ngoie akapiga magoti palepale, akatoa kipande cha mkaa mfukoni, akachora duara nene kwenye kitako na hindi ndani yake. Papa Muhindo alicheka kwa sauti mpaka wapakizi wakageuka. Akamwambia aanze, na akishamaliza aje wazungumze juu ya mifuko midogo pia.

Mvua zilianza. Mjomba hakuwa ameamini habari za simu. Ahadi za mjini amezisikia nyingi. Alisema atasubiri aone kwa macho yake. Tukasubiri naye, na Ngoie hakufungua mizigo yake.

Ilikuwa Jumamosi ya kikao simu yake ilipolia. Akaweka sauti kubwa ili tusikie wote. Nyuma ya mjomba tulisikia wateja, na mtoto analia.

"Ngoie! Lori imenishushia unga hapa ku duka. Tangu asubuhi nauzisha, nakunja, nauzisha, nakunja. Sasa niko ku meka ya mwisho, nimeingiza kichwa yote ndani ya mufuko, na jina ingali inaniangalia. Banasema ndiyo weye ulichora hii?"

"Ndiyo miye, mjomba."

Tulimsikia mjomba akimwambia mteja angoje kidogo.

"Sasa nani atakuja kunikalia kaunta?"

Ngoie alitutazama, mmoja mmoja. "Utafute mutu mwingine, mjomba. Miye niko na kazi."

Nyuma ya simu tulisikia bakuli likigonga kaunta.

"Ile kazi yako," mjomba akasema mwishowe, "inafikaka hata kwa ubao ya duka? Yangu mvua iliifuta."

"Inafika. Lakini nitachora tu, mjomba. Sitauzisha."

Mjomba alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Basi kuja uchore," akasema. "Halafu urudie kwenu Lubumbashi."